Rangi mpya ukutani: Maandalizi ya nyumba inayouzwa na mpaka wa kuficha

*Wauzaji wengi wa nyumba jijini Dar es Salaam hutumia fedha zao za mwisho kupendezesha kuta kabla wanunuzi hawajafika. Makala haya yanachunguza ni maandalizi gani huongeza bei, yapi humtia mnunuzi shaka, na sheria inaweka wapi mstari kati ya kusafisha na kuficha.*

Katika maeneo ya Dar es Salaam kama Tabata, Mbezi, Kimara na Kigamboni, nyumba inayotangazwa kuuzwa hutazamwa na pande mbili ambazo haziangalii kitu kimoja. Muuzaji na dalali wake hujali zaidi ukuta wa mbele, geti na sebule, wakati mnunuzi aliyekuja na fundi wake huinua macho kwenye silingibodi, kisha huyashusha hadi pale ukuta unapokutana na sakafu, akitafuta alama ya maji.

Tofauti hiyo huzaa tatizo ambalo wauzaji wengi hulitambua wakiwa wamechelewa. Mwenye nyumba hupaka rangi nyumba nzima kwa matumaini ya kupandisha bei, lakini harufu ya rangi mbichi humfanya mnunuzi aulize kilichofunikwa, na asipopata jibu la kuridhisha hupunguza bei kwa kiasi kinachozidi gharama ya rangi yenyewe, au huondoka bila kurudi.

Suala linalojadiliwa hapa, kwa hiyo, ni pana kuliko usafi na mapambo. Linahusu namna ya kutumia fedha kidogo kabla ya mauzo, haki ya mnunuzi kujua anachonunua, na wajibu wa muuzaji anayeifahamu nyumba yake kuliko mtu mwingine yeyote.

## Soko linaloendeshwa kwa simu ya dalali

Nchini Marekani, kuipanga nyumba kwa ajili ya macho ya wanunuzi kumekuwa kazi inayojitegemea tangu miaka ya 1970, na Barb Schwarz, wakala wa nyumba wa jimbo la Washington, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wake. Wataalamu wa kazi hiyo huondoa samani za mwenye nyumba, huleta za kukodi, hupanga taa na picha, kisha nyumba hufunguliwa kwa saa maalumu ili wanunuzi wengi waipitie kwa pamoja.

Katika miji ya Tanzania, mfumo huo unaonekana kwa sehemu tu, hasa kwa kampuni zinazojenga nyumba nyingi zinazofanana na kuipamba moja kuwa nyumba ya mfano. Nyumba ya mtu binafsi huuzwa kwa njia nyingine: dalali hupiga picha kwa simu, huzisambaza kwa WhatsApp na Instagram, kisha huleta wanunuzi mmoja mmoja au kwa makundi, wakati mwingine kwa taarifa ya nusu saa na mara nyingine bila taarifa yoyote. Baadhi ya madalali humtoza mnunuzi fedha ya kumpeleka kuona nyumba, hata kabla ya mazungumzo ya bei kuanza.

Mfumo huu una athari mbili kwa maandalizi. Kwanza, nyumba inatakiwa kuwa tayari kwa wiki au miezi, wala si kwa siku moja, kwa hiyo pambo lisilodumu halina faida. Pili, mnunuzi aliyekwisha kulipia safari hufika akiwa na matarajio yaliyojengwa na picha, na chumba kinapoonekana kidogo kuliko kilivyoonekana kwenye simu, imani yake hupungua kabla hajagusa kitasa cha mlango.

Usimamizi wa kazi ya udalali nao hutofautiana katika ukanda huu. Kenya ina sheria maalumu ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, inayowataka wasajiliwe na bodi yao, ilhali nchini Tanzania madalali wengi wa mitaani hufanya kazi kwa kujulikana tu, hivyo ahadi wanazotoa kuhusu hali ya nyumba mara nyingi hubaki kuwa maneno ya mdomo.

## Maji ndiyo adui wa kwanza

Hali ya hewa ya pwani ndiyo inayoamua kasoro ambazo mnunuzi mzoefu huzitafuta kwanza. Dar es Salaam hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na katika vipindi hivyo udhaifu wa paa, mtaro na msingi hujitokeza bila kuulizwa.

Kasoro inayojirudia zaidi ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Pale ambapo msingi haukuwekewa tabaka la kuzuia maji, unyevu hupanda kupitia vitundu vidogo vya tofali na lipu, ukibeba chumvi iliyomo udongoni au kwenye mchanga uliotumika kujengea. Maji yanapokauka juu ya ukuta, chumvi hubaki kama unga mweupe, rangi huvimba na lipu huanza kumeguka kuanzia chini.

Kupaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wa namna hiyo hakutibu chochote, kwa kuwa rangi isiyopitisha hewa huuzuia unyevu usitoke, nao hupanda juu zaidi au hupasua rangi yenyewe ndani ya msimu mmoja. Tiba huanzia kwenye chanzo: kurekebisha mteremko wa uwanja ili maji yakimbie mbali na nyumba, kuzibua mtaro, kuziba bomba linalovuja, kung'oa lipu iliyooza, na kuuacha ukuta ukauke kwa wiki kadhaa kabla ya lipu na rangi mpya.

> Rangi juu ya ukuta wenye unyevu hudumu hadi mvua inayofuata, na mnunuzi mzoefu anajua kusubiri mvua.

Silingi za jipsamu nazo hutunza kumbukumbu ya kila uvujaji. Doa la rangi ya chai lililoachwa na maji hupenya rangi ya kawaida na kujitokeza tena, isipokuwa likizibwa kwanza kwa rangi maalumu ya kuzuia madoa, na hata likizibwa, bati lililotoboka litazalisha doa jingine. Juu ya silingi hiyo kuna kenchi, yaani mbao zilizounganishwa kubeba bati, ambazo mchwa huweza kuzila kwa ndani huku zikionekana nzima kwa nje. Fundi anayegonga fremu za milango na kusikiliza mlio wake anatafuta uwazi huo.

Yapo pia maji ambayo hakuna fundi wa nyumba anayeweza kuyatibu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa wakazi wengi wa Bonde la Msimbazi, na baadhi yao walihamishiwa Mabwepande, na tangu wakati huo swali la nyumba iko umbali gani kutoka kwenye bonde au mkondo wa maji limekuwa la kawaida kwa wanunuzi. Kwa nyumba iliyoko mahali pa hatari, maandalizi ya ndani hayabadilishi jibu la swali hilo.

## Hoja tatu zinazokinzana

Hoja ya kwanza ni ya madalali, ambao kwa kawaida hulipwa asilimia ya bei na hivyo hupenda nyumba iuzwe mapema na kwa bei ya juu. Kwao, mnunuzi huamua kwa macho katika dakika za mwanzo, na nyumba yenye uwanja uliofyekwa, geti lililopakwa rangi na sebule yenye mwanga huvutia simu nyingi kuliko nyumba imara iliyochakaa kwa nje. Hoja hii ina uzito, hasa kwa mnunuzi anayeishi nje ya nchi ambaye uteuzi wake wa kwanza hufanywa kwa picha.

Hoja ya pili ni ya wamiliki wanaoamini kuwa kinachouzwa ni kiwanja. Kariakoo ndiyo ushahidi wao mkubwa, kwa sababu nyumba nyingi za Kiswahili za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na uwanja nyuma, zilinunuliwa ili zibomolewe na nafasi yake ichukuliwe na maghorofa. Katika maeneo ya namna hiyo mnunuzi hapimi ubora wa lipu. Anapima upana wa kiwanja, barabara iliyo mbele yake na matumizi yanayoruhusiwa na mipango miji. Fedha ya rangi hapo hupotea yote, na muuzaji angefaidika zaidi kwa kumlipa mpimaji ahakiki mipaka na kuonyesha mawe yake, ambayo mafundi huyaita bikoni.

Hoja ya tatu ni ya wanunuzi na wathamini, yaani wataalamu waliosajiliwa kukadiria thamani ya mali. Mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki hupitia kwa mthamini, ambaye huzingatia eneo, ukubwa, umri na uimara wa jengo, huduma zilizopo na aina ya umiliki. Rangi na mapazia haviwezi kubadilisha ripoti yake kwa kiasi kikubwa, lakini ufa wa kwenye msingi unaweza kuibadilisha, na ndiyo maana wanunuzi wa kundi hili hupendelea nyumba iliyochakaa kwa uwazi kuliko nyumba iliyong'arishwa isiyoelezeka.

Hoja hizi hazilingani uzito katika kila mtaa. Nyumba mpya ya familia huko Goba au Madale huuzwa kama mahali pa kuhamia, na huko hoja ya madalali ina uzito kuliko ya wamiliki wa Kariakoo. Nyumba ya zamani katikati ya mji huuzwa kama ardhi. Kosa la muuzaji huanza anapotumia kanuni ya soko moja katika soko jingine.

## Sheria inasema nini kuhusu kufunika ufa

Tanzania ilirithi kutoka katika sheria ya Kiingereza kanuni ya kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe, yaani ni juu yake kukagua anachonunua, na muuzaji halazimiki kwa ujumla kuorodhesha kila kasoro. Kanuni hiyo, hata hivyo, ina mpaka unaohusu moja kwa moja maandalizi ya nyumba.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuwa ni udanganyifu kitendo cha mtu anayejua ukweli kuuficha kwa makusudi ili kumshawishi mwenzake aingie mkataba, na mkataba uliopatikana kwa njia hiyo unaweza kubatilishwa na aliyedanganywa. Ukimya mtupu, kwa kawaida, hauhesabiwi kuwa udanganyifu pale ambapo hakuna wajibu wa kusema.

Tofauti hiyo ina maana kubwa ukutani. Muuzaji anayeuacha ufa wazi bila kuutaja yuko katika hali moja. Muuzaji anayeujaza ufa huo lipu na kuupaka rangi wiki moja kabla ya wanunuzi kufika, akijua kuwa msingi unaendelea kuzama, yuko katika hali nyingine, kwa kuwa amefanya tendo la kuficha. Vivyo hivyo kwa kabati zito linalosogezwa kuziba fangasi, au zulia linalotandikwa juu ya sakafu iliyobonyea.

> Ufa ulioachwa wazi ni kasoro ya nyumba. Ufa uliofunikwa kwa makusudi unaweza kuwa kesi.

Nchi nyingine zimejaribu kuuhamishia muuzaji mzigo wa kusema. California tangu miaka ya 1980 humtaka muuzaji wa nyumba ya makazi ajaze fomu inayotaja kasoro anazozifahamu. Uingereza na Wales, kuanzia mwaka 2007, ziliwataka wauzaji waandae furushi la taarifa za nyumba kabla ya kuitangaza, lakini mpango huo ulisimamishwa Mei 2010 baada ya kulalamikiwa kuwa unaongeza gharama na kuchelewesha mauzo. Uzoefu huo unaonyesha kuwa uwazi una bei yake, na mjadala uliobaki ni nani ailipe.

## Wanaoishi ndani wakati nyumba inaonyeshwa

Ushauri mwingi wa maandalizi huandikwa kana kwamba nyumba ni tupu, ilhali nyumba nyingi za mjini huonyeshwa zikiwa na watu. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita hana sababu ya kufurahia msafara wa wageni wanaofungua mlango wa chumba chake, na mara nyingi ndiye anayeulizwa na mnunuzi kuhusu maji, umeme na majirani. Muuzaji anayemweleza mapema, akapanga naye siku na saa, na akamhakikishia hatima ya kodi aliyokwisha kulipa, hupata ushirikiano ambao rangi haiwezi kuununua.

Familia ya mwenye nyumba nayo inastahili faragha. Kupanga saa mbili au tatu katika siku chache za wiki, na kumtaka dalali azifuate, huwapa wenyeji nafasi ya kufungua madirisha, kufunga mbwa, kukunja vyandarua na kuweka mbali vito, fedha na dawa. Sebule yenye makochi makubwa, kabati la vyombo na meza mbili huonekana finyu, kwa hiyo kuhamisha samani chache kwa muda huonyesha ukubwa halisi wa chumba bila kumdanganya yeyote.

Nyumba iliyofungwa kwa miezi ina matatizo yake. Maji yanayokaa kwenye kona ya bomba la sakafu ya bafu, ambayo kazi yake ni kuzuia hewa chafu, hukauka, na harufu ya shimo la maji taka hupanda ndani ya nyumba hata kama mfumo wake ni mzima. Ndoo ya maji inayomiminwa humo kabla ya wageni kufika hutosha kuirudisha hali yake. Simtanki lenye maji na mita ya LUKU yenye umeme huwezesha kila koki na kila taa kujaribiwa, wakati udi au manukato makali huweza kuzidisha shaka badala ya kuiondoa.

Kwa ghorofa zenye wamiliki wengi, ambazo umiliki wake wa sehemu kwa sehemu unaongozwa na sheria ya mwaka 2008, mnunuzi hupita kwenye ngazi, lifti na maegesho kabla ya kufika mlangoni. Muuzaji hawezi kuvikarabati peke yake, lakini anaweza kuonyesha kuwa hadaiwi michango ya uendeshaji wa jengo.

## Makaratasi ni chumba ambacho hakionekani

Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, hivyo mnunuzi hupata haki ya kumiliki kwa muda maalumu, unaoweza kufikia miaka 99, pamoja na maendelezo yaliyo juu yake. Kwa sababu hiyo, mnunuzi makini huuliza aina ya umiliki kabla ya kuuliza aina ya marumaru: kama kuna hati miliki, leseni ya makazi inayotolewa katika maeneo yasiyopimwa, au mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa.

Ridhaa ya mwenza ni sehemu ya maandalizi hayo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na nyumba ya marehemu huhitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Onyo la "nyumba hii haiuzwi" linaloandikwa kwa rangi kwenye kuta nyingi za jiji mara nyingi hutokana na migogoro ya aina hii na hofu ya matapeli.

Hofu ya matapeli humpata muuzaji pia, kwa kuwa nakala ya hati ikisambaa kwa wageni inaweza kutumika kughushi. Njia inayolinda pande zote ni kumpa mnunuzi aliyeonyesha nia namba ya kiwanja na ya hati ili afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani apate taarifa rasmi ya mmiliki, rehani na mazuio, na kuionyesha hati halisi mbele ya wakili.

Risiti za ukarabati nazo zina faida inayosahaulika. Kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji, ambayo kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, hukokotolewa baada ya kuondoa gharama za kupata na kuboresha mali, hivyo bati jipya lenye risiti humsaidia muuzaji mara mbili: humtuliza mnunuzi, na hupunguza faida inayotozwa kodi.

## Fedha kidogo ianzie wapi

Muuzaji mwenye bajeti ndogo anaweza kupanga matumizi yake kwa swali moja: je, kazi hii itamjibu mnunuzi au itamzuia kuuliza? Kwa kipimo hicho, paa na mitaro hutangulia, vikifuatiwa na mabomba, swichi na vitasa vibovu, kisha usafi wa kina wa jiko, bafu na uwanja, na rangi huja mwisho, baada ya kuta kukauka. Picha za kazi kabla ya rangi, zikiwekwa pamoja na risiti na jina la fundi, huibadilisha rangi mpya kutoka kitu cha kutiliwa shaka kuwa ushahidi wa matunzo.

Kasoro zinazozidi uwezo wa muuzaji ni bora zitajwe mapema na kuingizwa kwenye bei, kwa kuwa mnunuzi anayeelezwa kuwa shimo la choo ni dogo hupiga hesabu ya shimo jipya, wakati anayeligundua mwenyewe huanza kuhesabu pia yale ambayo hajayaona. Mpaka sheria itakapoweka fomu ya kutaja kasoro, karatasi moja iliyosainiwa na muuzaji, inayoorodhesha kilichotengenezwa na kisichotengenezwa, ikiambatanishwa na mkataba, inaweza kufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kuliko ndoo moja ya rangi.